Jua na delta ya Mto Tana

Jua ni nyota iliyo karibu zaidi na Dunia. Liko umbali wa wastani wa kilomita milioni 150, na nuru yake hutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 20 hivi. Kipenyo chake ni takriban kilomita milioni 1.39, sawa na Dunia 109 zilizopangwa mstari mmoja. Kazi yake huonekana wazi katika bonde la chini la Mto Tana, nchini Kenya, kuzunguka mji wa Garsen.

Muundo

Jua halina ardhi ya kukanyagwa. Ni tufe la gesi yenye joto kali hata atomi zake zimepokonywa elektroni. Hali hiyo huitwa plazma. Karibu robo tatu ya uzito wake ni hidrojeni na karibu robo ni heli. Kiasi kisichofika asilimia 2 ni oksijeni, kaboni, neoni, chuma na elementi nyingine. Dalili ya heli ilionekana katika nuru ya jua mwaka 1868, kabla gesi hiyo haijapatikana duniani, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua.

Kiini cha jua kina joto la nyuzi milioni 15 hivi za Selsiasi. Humo hidrojeni huungana kuwa heli: kila sekunde tani milioni 600 hivi huingia katika kazi hiyo, na tani milioni 4 hivi hugeuka nishati. Uso wake una nyuzi 5,500 hivi.

Jua la Garsen

Garsen iko nyuzi mbili na robo hivi kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na adhuhuri za siku hizo kivuli cha mtu humkalia miguuni. Mchana una takriban saa 12 mwaka mzima. Ndiyo maana hesabu ya saa ya Kiswahili, inayoanzia macheo, haipotoki hapa.

Maji

Jua huvukiza maji ya Bahari Hindi. Pia hupasha bara na bahari joto lisilo sawa, na tofauti hiyo huzaa pepo za kusi na kaskazi. Mvuke unaobebwa na pepo hunyesha kwenye Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, kisha maji husafiri kilomita 1,000 hivi kupitia Garissa, Hola na Garsen hadi Kipini, yakairudia bahari. Kwa hiyo Garsen huweza kufurika huku anga ni jeupe: mafuriko ni mvua ya milimani.

Njiani maji hayo huzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hivyo hata umeme wa mabwawa asili yake ni jua. Tangu 2019, karibu na Garissa, paneli huzalisha umeme moja kwa moja kutokana na miale.

Mimea, mifugo na bahari

Kwa usanisinuru, mwanga hugeuka chakula: mpunga, ndizi na maembe ya wakulima Wapokomo kwenye tope la mafuriko, na nyasi za delta ambazo Waorma na Wawardei huzifuata na ng'ombe wao wakati wa kiangazi. Mvua zikikosa misimu mfululizo, kama ilivyokuwa kuanzia 2020 hadi 2022, jua lilelile hukausha malambo na mifugo hufa.

Jua huchangia kujaa na kupwa kwa bahari pia, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapopevuka, nguvu hizo mbili hushikana na maji hujaa sana. Hiyo ni bamvua. Mto ukiwa umepungua, bamvua husukuma chumvi juu kutoka mdomoni hadi kwenye mashamba ya mpunga. Mkulima wa delta, basi, hulitegemea jua lipandishe mvua ya kutosha milimani, ili mto uwe na nguvu ya kuizuia bahari.