Kunakili, kubana na kupunguza: istilahi za ubora wa sauti katika kuhamisha muziki wa CD

Kunakili ni kutengeneza kitu kingine kilicho sawa na cha asili. Katika uwanja wa kompyuta, kitenzi hiki hutumika pia kwa kazi ya kuhamisha muziki kutoka kwenye CD na kuuhifadhi katika faili. Katika mazungumzo ya kawaida kazi hiyo huitwa kuingiza nyimbo kwenye kompyuta. Kinyume chake, yaani kuandika nyimbo kwenye diski tupu, huitwa kuchoma CD. Faili zilizopatikana zinaposikika vibaya kuliko CD yenyewe, kosa mara nyingi huwa katika mipangilio ya programu, na mtumiaji anayeongozwa na menyu ya Kiswahili huchagua kwa kufuata neno aliloandikiwa na mfasiri. Makala haya yanafafanua maneno yanayochanganywa zaidi.

1. Kunakili, kubana, kupunguza

Katika CD ya muziki, kila sekunde ya sauti huwakilishwa na sampuli 44,100 kwa kila mkondo, na mikondo ni miwili. Kila sampuli ina biti 16. Jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde, hivyo wimbo wa dakika nne huchukua takriban megabaiti 42.

Programu inapohifadhi biti hizo kama zilivyo katika faili ya WAV, imenakili. Inapozihifadhi katika muundo wa FLAC, imebana: faili huwa ndogo, lakini inapochezwa biti zote hurudi. Inapotumia MP3, hufanya jambo la tatu: huondoa sehemu za sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzitambua, na sehemu hizo hazirudi tena.

Kutumia kubana kwa FLAC na MP3 bila kutofautisha kunapotosha. Nguo zilizobanwa sandukuni hutoka zote, japo zina makunjo. Msomaji wa Kiswahili hutarajia hivyo hivyo kwa sauti. Inafaa kuandika kubana bila hasara kwa FLAC, na kubana kwa hasara, au kupunguza, kwa MP3.

2. Kasi na kiwango

Programu hizi huwa na namba mbili zinazoelekea kutafsiriwa kwa neno kasi. Ya kwanza ni mwendo ambao kiendeshi huisoma diski; ya pili ni idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde ya muziki. Namba hizo hazifanyi kazi moja. Mtu aliyeambiwa “ongeza kasi ili sauti iwe bora” anaweza kukiharakisha kiendeshi, na ikiwa diski ina mikwaruzo, makosa ya usomaji huenda yakaongezeka. Atapata sauti mbaya zaidi kwa kutii maelekezo.

Inapendekezwa kasi ibaki kwa kiendeshi, na kiwango cha biti kitumike kwa namba ya pili.

Haieleweki: Punguza kasi iwe 128.
Inaeleweka: Weka kiwango cha biti kuwa kilobiti 128 kwa sekunde.

Kwa kiwango hicho, wimbo wa dakika nne huchukua takriban megabaiti 3.8, kwa kilobiti 320 huchukua takriban megabaiti 9.6.

3. Ubora

Neno ubora kwenye menyu huashiria ubora wa faili itakayotengenezwa. Halitoi ahadi ya kuboresha sauti iliyopo. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 ikigeuzwa kuwa ya kilobiti 320, ukubwa huongezeka mara mbili na nusu, ilhali sauti iliyokwisha kuondolewa haipatikani. Kwa kazi hiyo kitenzi kinachofaa ni kugeuza. Kuboresha kungekuwa uongo, na mwenye kuuamini anaweza kuigawa CD yake akidhani ana faili nzima nzima.

4. Dalili na mpangilio wa kuangalia

Sauti ya kudonoa au kurukaruka: kosa la usomaji. Diski isafishwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kasi ya kiendeshi ipunguzwe, na mpangilio wa kurekebisha makosa uwashwe.

Matoazi au nyuzi za kanuni kusikika kama maji yanayochuruzika: kiwango cha biti ni cha chini. CD inakiliwe upya kwa kiwango cha juu zaidi, au kwa FLAC.

Sauti kukosa upana, vyombo vyote vikitokea mahali pamoja: mikondo miwili imeunganishwa kuwa mmoja. Mpangilio wa stereo urudishwe kabla ya kunakili upya.

Faili kubwa yenye sauti hafifu: huenda iligeuzwa kutoka faili iliyopunguzwa. Hakuna mpangilio unaotibu dalili hii. Dawa yake ni kurudi kwenye CD ya asili.

Dalili tatu kati ya hizo nne huishia kwa kunakili upya, na ya kwanza pia isipokuwa diski yenyewe iwe imeharibika kabisa. Kwa hiyo maelekezo yoyote ya kazi hii yanapaswa kumtahadharisha mtumiaji asiachane na CD kabla ya kuzisikiliza faili zake. Mfasiri naye ajiulize swali moja mbele ya kila kitenzi cha menyu: baada ya tendo hili, je, cha asili kinaweza kurudishwa? Kitenzi atakachochagua kisifiche jibu.