Holy Room: Live at Alte Oper

Holy Room: Live at Alte Oper ni albamu ya mwimbaji wa jazi na soul, Somi, akishirikiana na Frankfurt Radio Big Band, bendi ya shirika la utangazaji la Hessischer Rundfunk la Ujerumani. Mpangaji na kiongozi wa muziki ni Mmarekani John Beasley. Ilirekodiwa mbele ya hadhira katika ukumbi wa Alte Oper mjini Frankfurt, ikatolewa mwaka 2020 na Salon Africana, lebo ya Somi mwenyewe. Nyimbo zake nyingi zilikwishatoka katika albamu za studio. Hapa zimepangwa upya kwa bendi kubwa, na zile za mapenzi, za mwendo wa taratibu, ndizo zinazoibeba kazi nzima.

Msanii

Somi, ambaye jina lake kamili ni Laura Kabasomi Kakoma, alizaliwa Champaign, Illinois, Marekani, kwa wazazi waliotoka Rwanda na Uganda. Sehemu ya utoto wake aliishi Zambia, baba yake alipokuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, kisha familia ikarudi Illinois. Baadaye alisoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha New York.

Albamu yake Red Soil in My Eyes ilitoka mwaka 2007. If the Rains Come First ikafuata mwaka 2009, na humo yumo Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini aliyekuwa pia mlezi wake katika sanaa. Katika albamu hiyo upo wimbo wenye jina la Kiswahili, Kuzunguka. Baada ya kuishi Lagos kwa takriban mwaka mmoja na nusu alitoa The Lagos Music Salon (2014), kisha Petite Afrique (2017), inayohusu Waafrika wahamiaji wa Harlem na mtaa wao unaopotea kadiri kodi za nyumba zinavyopanda.

Nyimbo na mada

Wimbo uliobeba jina la albamu ulitoka kwanza katika Petite Afrique. Ni wimbo wa mapenzi ambamo mpendwa anageuka kuwa mahali pa ibada, na ndani yake mwimbaji anatumia takbira ya Waislamu. Wakati huo chuki dhidi ya Uislamu ilikuwa imepamba moto Marekani, na maneno hayo yalikuwa yakitajwa kwa hofu. Somi anayaimba kwa upole, katika sauti ya mtu anayeshukuru kupendwa. Msikilizaji wa Afrika Mashariki, aliyekua akisikia adhana na kengele ya kanisa katika mtaa mmoja, hahitaji kuelezwa kwa nini dua na mahaba vinaweza kukaa katika wimbo mmoja.

Ginger Me Slowly, uliotoka The Lagos Music Salon, unaomba mapenzi yasiyo na pupa. Last Song, wa albamu hiyohiyo, unajiuliza mtu angeimba nini kama wimbo huu ungekuwa wa mwisho maishani mwake. Tungo zote mbili ni za mtu anayesema na mtu mmoja, na hapo ndipo ugumu wa kuzipeleka kwa bendi kubwa ulipo.

Upangaji wa muziki

Bendi kubwa ya jazi huwa na safu ya saksofoni, ya tarumbeta na ya tromboni, pamoja na piano, besi na ngoma. Wapulizaji wote wakipiga kwa nguvu kwa pamoja, sauti laini hufunikwa hata ikiwa na kipaza sauti. Kwa hiyo katika nyimbo za taratibu mpangaji hugawa kazi: tarumbeta huzibwa midomo ili zilie kwa chini, wapiga saksofoni huweza kushika filimbi au klarineti, mpiga ngoma huacha fimbo na kutumia brashi, na wapulizaji huingia pale mwimbaji anapovuta pumzi. Beasley ni mpiga piano mwenye bendi yake kubwa, MONK'estra, na anaujua ufundi huo kwa undani. Katika rekodi hii sauti ya Somi inabaki mbele, na maneno yanasikika.

Ukumbi

Alte Oper ilifunguliwa mwaka 1880 kama jumba la opera. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliiteketeza mwaka 1944, ikabaki gofu kwa miongo kadhaa, hadi ilipofunguliwa tena mwaka 1981 kama ukumbi wa matamasha.

Mapokezi

Albamu iliwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2021 katika kundi la albamu bora ya uimbaji wa jazi, tuzo iliyokwenda kwa Kurt Elling. Somi anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwania Grammy katika makundi ya jazi. Mwaka huohuo Holy Room ilishinda NAACP Image Award ya albamu ya uimbaji wa jazi. Petite Afrique ilikuwa imempatia tuzo ya jazi ya NAACP mwaka 2018.

Umuhimu kwa Rwanda

Mwaka 2014 shule ya muziki ya Nyundo ilianza kufundisha vijana kupiga ala katika wilaya ya Rubavu. Baadaye ilihamishiwa Muhanga. Kwa vijana wa aina hiyo albamu hii ni somo kamili. Inawaonyesha kwamba wimbo wa mapenzi ulioandikwa kwa uangalifu unaweza kupigwa na watu wanne au na bendi nzima bila kupoteza upole wake, na kwamba mwimbaji mwenye asili ya Rwanda na Uganda anaweza kusimama mbele ya bendi kubwa ya Ulaya akiwa na tungo zake mwenyewe.