Nati Iliyokataa Kufunguka

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilometa 33 hivi, na katika mwendo huo mfupi inapanda karibu meta 1,000. Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya breki, na breki ni kazi ya fundi. Leo nazungumzia kitu kidogo kinachoweza kumshinda fundi huyo: nati iliyoganda kwa kutu.

Breki ya nyuma ya pikipiki yangu ilikuwa ikikwaruza. Fundi mmoja alijaribu kufungua nati ya ekseli, ikamkatalia. Akakaza fimbo ya breki kidogo, akaniambia, "Inashika hiyo, kaka, nenda tu." Nilishuka nayo mara mbili. Mara ya pili, kwenye kona, nyuma ya lori la kabichi, nilikanyaga breki na pikipiki haikusimama. Iliyonisimamisha ni mtaro.

Nikapelekwa kwa fundi mzee. Sanduku lake la spana ni historia tupu. Watu wa milima hii walikijua chuma zamani. Kabla ya Wajerumani kilitoka kwa wahunzi wa Upare, hasa ukoo wa Washana. Lakini jembe la mhunzi halina nati. Nati zilikuja kwa wingi na reli, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Wakati wa Waingereza zikaja Land Rover na pikipiki za BSA, zenye vipimo vya inchi, baadhi zikiwa na meno ya aina aliyoipendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841. Baadaye zikaja Honda na Yamaha kutoka Japani, kisha pikipiki za India na China tunazoziita bodaboda, ambazo kanuni za mwaka 2010 ziliziwekea utaratibu wa leseni ya kubeba abiria. Hizo zote ni za milimeta.

Katika sanduku la mzee, inchi na milimeta zimelala pamoja. Hapo ndipo penye hatari. Spana ya inchi hukaribia kuenea nati ya milimeta, lakini inacheza. Ukiilazimisha inakula pembe, na nati ikishakuwa duara haishikiki tena. Hata skrubu za msalaba za Kijapani, kama zile za kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, zinafanana na zile za Mmarekani Henry Phillips, lakini si sawa. Bisibisi isiyo yake huruka na kuzichimba.

Mzee hakulazimisha. Alichomoa kotapini, akasugua meno kwa brashi ya waya, akatia mafuta mepesi ya kulegeza kutu, matone machache tu, kwani breki iliyolowa mafuta haishiki. Akaigonga nati pembeni kwa nyundo ndogo, kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi alivisha spana ya ringi iliyoenea barabara, akakaza kidogo kwanza, ndipo akalegeza. Kutu ikalia, nati ikatoka.

Nikamuuliza kwa nini hakutumia moto kama wahunzi.

"Moto una mahali pake, mwanangu," alisema. "Penye mpira si mahali pake."

Alipovua gurudumu tukaona: brekishuu zilikuwa zimelika hadi chuma. Muda wote ule nati ilikuwa imeuficha ugonjwa. Mzee alifunga brekishuu mpya, akapaka ekseli grisi kidogo, akatia kotapini mpya, kwa sababu ukungu na mvua za Usambara haziachi chuma kipumzike.

Ndugu yangu wa bodaboda, fundi akikwambia nati imekataa, usiridhike na "inashika hiyo." Mwombe aitilie mafuta na kuisubiri, nawe umlipe muda wake wa kusubiri. Abiria wako hajui kilichomo ndani ya drami, na kona za Mombo hazimsubiri mtu.