Sala ya Kuomba Mvua na Hesabu ya Mwaka wa Waswahili

Waswahili tangu kale wametumia hesabu mbili za mwaka. Ya kwanza ni ya mwezi mwandamo, yenye siku 354 au 355, ambayo kwayo hujulikana Ramadhani na Idi. Ya pili ni ya jua, yenye siku 365, ianzayo Nairuzi, neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Mwaka huu wa pili uligawanywa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku tano. Kwa miongo hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda, na nahodha wakati wa kusafiri.

Hesabu zote mbili zina upungufu. Mwezi mwandamo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, hauwezi kushika majira. Nairuzi nayo, kwa kukosa siku ya ziada, husogea siku moja kila miaka minne: katikati ya karne ya 19 iliangukia mwisho wa Agosti, na siku hizi huko Makunduchi, Unguja, huadhimishwa Julai.

Kati ya kaskazi na kusi huja tangambili, wakati wa maleleji, ambapo pepo hazina upande mmoja. Hapo ndipo masika hutazamiwa. Yakichelewa, mbegu hufia ardhini, wala hapana hesabu iwezayo kusaidia. Ndipo huitishwa sala ya kuomba mvua, isiyo na tarehe katika hesabu yo yote.

Kwa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waswahili walio wengi, watu huamriwa kwanza kutubu, kurudisha haki za wenzao, kutoa sadaka na kufunga siku tatu. Siku ya nne hutoka kwenda uwanjani, wangali wamefunga, pamoja na wazee, watoto na hata wanyama. Husaliwa rakaa mbili mithili ya Idi. Lakini Idi huendewa kwa nguo nzuri, na sala hii kwa nguo za kazi. Hotubani, mahali pa takbira husomwa istighfari. Kisha imamu huelekea kibla, hugeuza joho lake, na huomba kwa sauti na kwa siri. Akiomba kwa siri, watu wote nao huomba kimya.

Katika Kimvita, neno mwaka lina maana pia ya masika yenyewe. Basi msomaji wa maandiko ya zamani akutapo habari za watu waliotoka kuomba kwa kuwa mwaka umechelewa, asidhani kwamba walikosea hesabu. Walikuwa wakingoja mvua.