Kurudi Nyuma ni Kurudi Wapi?

Yapo maneno ambayo sisi walimu huyatumia kila siku bila kuyachunguza: "nyuma", "mbele", "inayofuata". Mimi yaliniumbua nikiwa mwalimu mkuu, enzi ambazo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe, kabla ya kugawanywa mwaka 2012. Nilimwandikia mwalimu mpya barua ya kumwelekeza njia ya kwenda Nkwenda, nikamtajia na mkono wa kukatia pale njia panda ya Omurushaka. Niliandika kana kwamba atatokea Kayanga. Kumbe yeye alitokea upande wa Kyaka, na mkono wangu haukuwa mkono wake. Akalala kwa watu asiowajua.

Nilimkumbuka mwalimu yule niliposoma habari za watu waliobuni amri za kusafiria katika kurasa za mtandao wa kompyuta.

Mwaka 1990, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, Tim Berners-Lee alitengeneza programu ya kwanza ya kufungulia kurasa hizo, ambayo siku hizi huitwa kivinjari. Programu hiyo iliendeshwa kwenye kompyuta za aina ya NeXT, nazo zilikuwa za watu wachache. Ndipo Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza, akaandika nyingine iliyoweza kuendeshwa karibu kwenye kompyuta yoyote. Haikuwa na picha wala kipanya. Maandishi yalitoka mstari kwa mstari, na kila kiungo kilipewa namba kwenye mabano. Ukitaka kukifuata, uliandika namba yake.

Lakini ukishaingia, utatokaje? Hapo ndipo palipohitaji akili. Kupanda na kushuka ndani ya ukurasa mmoja kulikuwa na amri zake. Amri ya "Nyuma" ilikurudisha kwenye ukurasa uliokuwa ukiusoma kabla ya huo. Nyingine ilikuorodheshea kurasa zote ulizopitia. Iliyonivutia zaidi ni "Inayofuata": ilikupeleka kwenye kiungo kinachofuata katika ukurasa uliokuleta hapo.

Chukua mfano. Umefungua orodha ya wilaya za Kagera, ukaingia Karagwe. Ukiandika "Inayofuata", unaingia Kyerwa moja kwa moja bila kurudi kwenye orodha. Lakini kama uliifikia Karagwe kutoka ukurasa unaohusu kahawa, amri ile ile yaweza kukupeleka kwenye habari za bei. Ukurasa ni ule ule, neno ni lile lile, ila njia uliyojia ni tofauti. Mashine ilikumbuka msafiri alikotoka, jambo ambalo barua yangu haikulifanya.

Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, Lou Montulli, Michael Grobe na Charles Rezac walitoa programu ya Lynx. Hiyo ilitumia kioo kizima, kwa hiyo hapakuwa na haja ya namba. Mshale wa juu na wa chini ulikuhamisha kutoka kiungo hadi kiungo. Wa kulia ulikuingiza. Wa kushoto ulikurudisha ulikotoka. Hadi leo Lynx ingali ikitunzwa, na watu wasioona wameitumia sana, kwa kuwa maandishi matupu husomeka kwa urahisi na mashine ya sauti.

Nayasema haya si kwa udadisi tu. Presha ya macho imeninyang'anya jicho moja, na la pili linafifia. Mjukuu wangu ameniwekea Lynx kwenye kompyuta mpakato yake ya zamani, pamoja na sauti inayonisomea. Picha sizihitaji tena. Ninachokihitaji ni kujua nipo wapi na nimetoka wapi, na vidole vyangu vimeshaizoea mishale minne ile.

Juzi nilipotea, nikaanza kumwita. Akaniambia, "Babu, bonyeza wa kushoto tu." Nikabonyeza mara tatu, nikafika nilipoanzia. Laiti ningemwandikia mwalimu yule hivyo! Kabla ya kumwonyesha mtu njia, ningemwuliza kwanza: wewe unatokea wapi?