Shangazi na kitambaa chake cheusi

Kwanza tumalize utani: ndiyo, natoka Zuzu, na ndiyo, najua neno hilo lina maana gani kwenye kamusi. Zuzu yetu ni kata ya Jiji la Dodoma, magharibi mwa mji. Wengi siku hizi wanaijua kwa kile kituo kikubwa cha kupoza umeme. Haya, tuendelee.

Mwezi uliopita kamati ya harusi ya ukoo wetu ilikaa kupanga sare. Vijana wakachagua damu ya mzee kwa upande wetu, dhahabu kwa upande wa bwana harusi. Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu sote, akasema yeye atavaa kitambaa chake cheusi. Kikao kikawa kimya. Mmoja akasema nyeusi ni ya msiba. Mwingine, kwa sauti ya kubembeleza, akasema: "Shangazi, wewe mwenyewe ni mweusi, ukivaa nyeusi utapotea. Nyeusi inawapendeza weupe." Shangazi hakujibu. Aliomba maji ya kunywa.

Nami nilinyamaza, na ndicho kinachoniuma hadi leo. Sentensi ile naijua vizuri. Muuza mitumba mmoja aliwahi kuniambia gauni la njano litanipigia kelele mwilini, nikalirudisha. Tangu siku hiyo kabati langu ni kijivu na ugoro tu. Nikarudi vitabuni kutafuta: nani aliamua rangi gani inamfaa nani?

Jibu la kwanza nililipata hapa hapa kwetu. Karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Maji yalikuwa machache, na mbele yao kulikuwa na pori kavu la Mgunda Mkali, kwa hiyo msafara ulilazimika kusimama na kulipa hongo kwa watemi. Hongo ililipwa kwa nguo: merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyotoka Marekani, na kaniki, nguo ya buluu iliyokoza karibu na weusi. Kipimo kilikuwa doti, mikono minane.

Henry Morton Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alieleza katika kitabu chake cha 1872 jinsi alivyohangaika kabla ya safari kujua abebe mzigo gani. Watu wa bara hawakupokea chochote tu. Unyamwezi walitaka shanga nyekundu, samisami. Shanga nyeusi, zilizoitwa bubu, zilikuwa fedha halali Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani yoyote. Soma tena hapo. Tajiri wa gazeti la New York analipa gharama za safari nzima, lakini mwandishi wake akifika kwetu lazima afuate rangi tunayoitaka sisi. Na tuliitaka nyeusi.

Sasa twende Unguja, maana kaniki ile ile huko ilisema jambo jingine kabisa. Merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa: rahisi, ngumu, bila nakshi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo wakakimbilia kanga zenye rangi na michoro. Mwanahistoria Laura Fair ameliandika hili vizuri katika kitabu chake Pastimes and Politics. Kwa wanawake wale, doti ya kanga mpya ilikuwa tangazo: mimi si mali ya mtu. Wahenga walisema kaniki hata ifuliwe vipi rangi yake ni ile ile. Wao wakaona, basi tuivue.

Kwa hiyo nguo moja, karne moja, maana mbili. Mwanamke wa Ng'ambo aliinua kichwa alipoiacha kaniki. Bibi wa Ugogo aliinua kichwa akiwa ameivaa. Ngozi zao hazikutofautiana kiasi hicho. Kilichotofautiana ni nani aliyewachagulia.

Nilimpelekea shangazi habari hizi Jumapili baada ya ibada. Alinisikiliza huku akipepeta karanga, kisha akanipa somo ambalo sikulikuta kitabuni. "Mwanangu, wewe hukuwepo miaka ile baada ya vita vya Kagera. Bidhaa hakuna. Tunapanga foleni dukani tangu alfajiri, ukifika mbele unapewa doti iliyobaki. Uipende, usiipende, unashukuru." Kiwanda cha Urafiki kilikuwepo Dar es Salaam tangu 1968, lakini kanga za kumtosha kila mtu hazikuwepo. Masharti ya biashara yalipoanza kulegezwa mwaka 1984, nguo zikarudi madukani. Shangazi aliuza zabibu zake, akaingia dukani mjini, akaonyeshwa vitambaa vya kila rangi, akachagua cheusi. "Hicho ndicho nilichokichagua mwenyewe," akasema. "Mama yangu alivaa hivyo. Nikikifunga najiona mtu."

Washauri wa mavazi wanasema mengi kuhusu maji ya kunde na weusi wa tii, nani avae krimu na nani aikimbie. Baadhi ni ya kweli: kitambaa kitoe dukani, kiweke karibu na uso juani, kwa sababu taa za dukani hudanganya. Ukiona macho yako yameng'aa, chukua. Lakini ukiambiwa rangi fulani ni ya weupe, jua hapo hushauriwi tena kuhusu nguo. Unaonyeshwa nafasi yako.

Harusi ni Jumamosi ijayo. Nimemwambia mwenyekiti wa kamati kwamba shangazi atavaa kitambaa chake cheusi na shanga zake nyeupe, na atakaa mbele. Akaguna, kisha akakubali, ila ameomba lemba liwe la sare. Shangazi amelikubali lemba.

Mimi nimekwenda kutafuta gauni la njano. Lile la kwanza lilishauzwa, bila shaka. Nimepata kitambaa cha njano iliyokoza, kiko kwa fundi. Jana nilikwenda kupima, fundi akanitazama, akanyamaza kidogo, akauliza kama nina hakika.

Nikamwambia: kata.