Laana ya Mshindi Humwangukia Muuzaji: Dau la Haki za Matangazo ya Soka

Wanaochambua minada husema kwamba anayeshinda zabuni ya kitu ambacho thamani yake haijulikani mara nyingi ndiye aliyekikadiria kupita kiasi, naye huambulia hasara. Capen, Clapp na Campbell waliieleza hali hiyo mwaka 1971 kwa zabuni za maeneo ya mafuta. Leo inajulikana kama laana ya mshindi. Kuhusu mafuta sina ugomvi nao. Ninaowapinga ni wale wanaoihamishia nadharia hiyo kwenye haki za matangazo ya soka, wakidai kwamba bei ikipanda ligi haina cha kupoteza.

Tazama Ufaransa. Mei 28, 2018 Serie A ya Italia iliachana na Mediapro, kampuni ya Hispania iliyokuwa imeahidi zaidi ya yuro bilioni 1 kwa msimu, kwa sababu ilishindwa kuleta dhamana ya benki. Kesho yake tu, ligi ya Ufaransa ikaikabidhi kampuni hiyohiyo sehemu kubwa ya mechi za Ligue 1 za 2020 hadi 2024, kwa takriban yuro milioni 800 kwa mwaka, bila dhamana ya benki. Klabu zikapanga bajeti kwa fedha ambazo hazijaingia. Chaneli ya Téléfoot ilianza Agosti 2020, mtazamaji akitakiwa kulipa karibu yuro 26 kwa mwezi. Oktoba, awamu ya yuro milioni 172 haikulipwa. Desemba mkataba ukavunjwa, Mediapro ikiondoka kwa kulipa yuro milioni 100. Ilibidi ligi ikope ili klabu zipate fedha, na mwaka 2021 Amazon ikachukua mechi nane kati ya kumi za kila wiki kwa takriban yuro milioni 250 kwa mwaka.

Mediapro ilisingizia Uviko-19. Hoja hiyo haina mashiko: Waitaliano waliutambua udhaifu wa kampuni hiyo karibu miaka miwili kabla ya janga.

Ni kweli kwamba dau la televisheni za BSkyB na BBC kwa Ligi Kuu ya England mwaka 1992, pauni milioni 304 kwa miaka mitano, lililipa. Lakini nchini humohumo kampuni ya televisheni ya ITV Digital ilianguka mwaka 2002 ikidaiwa pauni milioni 178.5 na Football League, ligi ya madaraja ya chini, na mahakama ikaamua kwamba wamiliki wake, Carlton na Granada, hawawajibiki, kwa kuwa hawakusaini dhamana. Mwekaji dau alijitoa. Klabu za madaraja ya chini zikabaki na mishahara ya wachezaji.

Hapa kwetu, mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media zilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kinachosifiwa zaidi ni ukubwa wa tarakimu hiyo. Nawaomba viongozi wa soka letu: zabuni itakayofuata ipimwe kwanza kwa dhamana ya benki, na asiye nayo bahasha yake ya bei isifunguliwe.